Shule ndogo ya kartia: tulienda kuiangalia kwa macho yetu

Tangu mwezi wa tano, kila siku ya posho tunapokutana, swali linarudi lile lile kabla hata hatujahesabu feza ya likelemba: mwaka ujao watoto tuwaandikishe wapi? Kila mmoja ana jibu lake. Huyu anasema shule ya mapadri, huyu anasema ile ya njia ya Kikula, mwingine anasema serikali imekufa, afazali kulipa. Tunabishana mpaka bukari inapoa, na kila mtu anarudi kwake na mawazo aliyokuja nayo.

Safari hii mama mmoja wetu hakubishana. Anauza sombe na samaki ya chumvi sokoni, mume wake alifariki miaka mitatu iliyopita. Alisimama akasema: “Mtoto wangu wa kiume ana miaka 7. Yuko kwenye shule ya kulipa, ile iliyo ndani ya lupango la mtu. Trimestri hii wamemfukuza mara mbili juu ya feza ya mwezi. Anarudi saa 9 ya asubuhi na kaye kwapani, anakaa na mimi sokoni. Dada yake ana miaka 11. Yeye nilimtoa mwaka jana, sikuweza kulipa wawili. Sasa anafuata watoto wa jirani mtoni kuosha mawe ya madini. Nasikia shule ya serikali hapa chini ni bure. Lakini watu wanasema bure haifundishi. Wamama, mniambie ukweli.”

Hatukuwa na ukweli wa kumwambia, tulikuwa na maneno ya watu tu. Kwa hiyo shirika lilituma wamama wanne kwenda kuiangalia ile shule. Wawili kati yetu ni walimu, lakini hatufundishi pale. Jina la shule hatuliandiki. Direkta alitupokea kwa moyo mweupe na hatutaki habari hii imgeukie. Na wale wa kartia yetu watajua tu ni wapi.

Kwanza tufahamiane juu ya neno “bure”, maana kuna mchanganyiko mwingi. Katiba ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Maneno hayo yalilala kwenye karatasi miaka mingi. Sisi tuliozaliwa na kukua wakati wa taabu tunakumbuka namna ilivyokuwa: tangu miaka ya 1990 mshahara wa serikali ulikuwa kama hakuna, na wazazi ndio waliomlisha mwalimu kwa ile prime. Bila prime, mtoto nje. Baba zetu hawakuyajua hayo. Wengi wao walisomea shule za kambi, wakati Gécamines ilimpa mfanyakazi nyumba, unga, hospitali na kalasi ya watoto wake. Kisha kiwanda kikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitolewa kwa ile wanayoita “départ volontaire”. Hapa Likasi hakuna avenyu isiyo na mzee aliyetoka katika ule mpango. Nyumba nyingi zilichagua mtoto mmoja wa kusoma na kuwaacha wengine, na mara nyingi aliyeachwa alikuwa msichana.

Ni mwezi wa kenda 2019 tu ndipo bure ilipoanza kwa kweli, kuanzia kalasi ya 1 mpaka ya 6. Materneli haimo. Kalasi ya 7 na kwenda mbele ni habari nyingine, mjiandae. Tena shule ya umma si ile ya serikali peke yake. Shule za kikatoliki, za kiprotestanti, za kikimbangu, za kiislamu zilizo chini ya mapatano ya dini na serikali, nazo ni za umma, na primeri yake ni ya bure vilevile. Mama mmoja aliposikia hivyo alishika kichwa. Alikuwa akiipita shule ya namna hiyo kila asubuhi akidhani ni ya matajiri.

Tulienda siku ya tatu, bila kuitangaza siku. Hapo sisi walimu tulisisitiza, na tuseme sababu wazi. Mgeni anapotangazwa, tunajua kupamba. Ubao unaoshwa, watoto wanaosoma vizuri wanakaa mbele, somo linalorudiwa ni lile waliloshika jana. Hatusemi ni uongo. Ni sawa na wewe unavyofagia lupango mkwe anapokuja. Lakini anayetafuta shule ya mtoto wake anataka kuona lupango la kila siku.

Saa 7:15 tulikuwa mlangoni. Saa 7:30 watoto walijipanga mbele ya bendera, wakaimba Debout Congolais. Tulihesabu walimu: watano kati ya sita walikuwapo. Wa sita alifika saa 8 kasoro, akikimbia, viatu mkononi. Direkta hakumgombeza mbele ya watoto, lakini tuliona ameandika katika kitabu chake. Kitabu hicho kilitufurahisha kuliko mambo mengi tuliyoyaona siku ile. Shule ambayo kuchelewa kwa mwalimu kunaandikwa ni shule yenye mwenyewe.

Ni shule ndogo kweli: kalasi sita, kila mwaka kalasi moja, jengo moja la matofali lenye mabati ya zamani. Asubuhi wanasoma wao, na nyuma ya saa sita shule nyingine ya primeri inaingia katika vyumba vilevile, na direkta wake na walimu wake. Hiyo muulize mapema kabla ya kuandikisha, maana kartia nzima inaziita kwa jina moja na mzazi anajikuta ameandikisha mtoto upande asioujua. Upande wa jioni una taabu zake. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, mvua inapopiga mabati, mwalimu anasema na hakuna anayesikia. Watoto wa kwanza nao wanarudi nyumbani kiza kikikaribia. Kwa mtoto wa miaka 6 anayevuka njia kubwa ya Kolwezi, na malori ya madini yanayopita pale, sisi tunasema asubuhi au shule nyingine. Juu ya hilo hatubishani.

Sasa tuingie ndani ya kalasi, maana ndiko tulikokaa kwa muda.

Watu wengi wanapotafuta shule wanaangalia rangi ya ukuta na usafi wa iniforme. Wengine wanauliza asilimia ya ENAFEP, ule mtihani wa taifa wa mwisho wa primeri tuliozoea kuuita TENAFEP. Direkta alituonyesha, walifanya vizuri. Lakini tuwaambie siri ya kazi yetu: asilimia ya kalasi ya 6 inategemea ni nani aliyeachwa afike kalasi ya 6. Ukirudisha nyuma wote walio wazaifu kalasi ya 5, utapata 100 kwa 100 na tarumbeta juu. Kwa hiyo tuliomba listi za kuita majina. Kalasi ya 1 ilikuwa na watoto 71, wasichana wakizidi kidogo. Kalasi ya 6 ilikuwa na watoto 34, wasichana 13. Tulimuuliza direkta wengine walikwenda wapi. Hakukasirika. Alisema: “Wamama, wengine wako mtoni, wengine sokoni, wengine wanalea wadogo zao. Ninyi ndio mnajua kuliko mimi.” Tulinyamaza.

Kalasi ya 1 ni mahali pa kwanza pa kuingia, hata kama mtoto wako ataandikishwa ya 4. Hapo ndipo kusoma kunajengwa au kunaharibika. Watoto 71 mbele ya mwalimu mmoja ni wengi mno, hatutamfunika mtu macho. Tangu bure ianze mamilioni ya watoto waliingia katika shule za inchi hii, na vyumba havikuzaa vyumba vingine. Watoto wanne walikaa kwenye pupitri ya wawili, na safu ya mwisho iliandika juu ya magoti. Mama wa kwanza wetu aliyeona hivyo alitaka turudi palepale.

Lakini tulikaa, na tuliona kitu. Madamu wa kalasi ya 1 alikuwa amegawa watoto wake makundi matano. Kundi moja lilisoma ubaoni naye, mengine yaliandika herufi kwa mkaa juu ya vipande vya bati na vigae, maana kaye zinaisha upesi. Nyuma ya robo ya saa anabadilisha. Tulipopita kati ya watoto tuliona kaye zao: tarehe kila siku, na wino mwekundu kila ukurasa, hata pale mwalimu alipoandika neno moja tu. Watoto 71, kaye 71. Sisi wawili wa ufundi huo tulitazamana. Tunajua usiku wake unaisha saa ngapi.

Mama asiyejua kusoma anaweza kuangalia kaye vilevile. Wino mwekundu unaonekana kwa macho. Kurasa zikifuata bila wino majuma mawili, hakuna anayemwangalia mtoto yule. Kaye ikiwa nyeupe katikati ya trimestri, uliza siku hizo mwalimu alikuwa wapi.

Kisha tulifanya jaribio tunalowafundisha sasa, maana linafanyika hata nyumbani. Kalasi ya 2 tuliomba mtoto asome. Mwalimu akamsimamisha msichana mmoja, naye akasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu kama maji yanavyoshuka. Tulipiga makofi. Halafu tulifungua kitabu katikati, tukafunika picha kwa mkono, tukamwomba asome tena. Akanyamaza. Alikuwa ameshika ukurasa wa kwanza kichwani kama mtu anavyoshika wimbo. Tulijaribu watoto wanane, wale waliokaa nyuma na wale waliokaa mbele. Watatu walisoma ukurasa wasioujua, polepole, kidole chini ya neno. Wawili walisoma silabi bila kuziunganisha. Watatu hawakuweza.

Watatu kwa wanane ni kidogo, hatutasema vingine. Lakini jioni ile tulifanya jaribio lilelile katika lupango letu, kwa watoto wanane wa kalasi ya 2 wanaosoma shule mbalimbali za kulipa, watoto wetu wenyewe wakiwamo. Walisoma wawili. Mmoja wetu alitoka nje kidogo, akasema anaangalia makala kama imeshika moto.

Hapa kuna neno juu ya lugha, maana ndilo linalowavuta wazazi wengi kwenye shule za kulipa. Watu wanasema: “Kiswahili mtoto anakijua tayari, sisi tunataka Kifaransa.” Ile shule ya lupango inaandika mlangoni kwamba Kifaransa kinaanza materneli, na mzazi anasikia mtoto wake akisema “bonjour madame” anaona feza yake imefanya kazi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika kufundisha, na kwetu huku lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa hiyo katika shule za umma kalasi za kwanza zinafundishwa kwa Kiswahili, na Kifaransa kinaingia polepole.

Sisi tunaunga mkono, na si kwa kupenda sheria. Mtoto anayejifunza kusoma anafanya kazi mbili: kutambua alama na kuelewa neno. Ukimpa neno asilolijua, kazi ya pili inakufa, anabaki na kuimba. Akishajua kwamba m na a ni ma, hataanza upya kwa Kifaransa, atahamisha tu. Lakini tukubali kitu kimoja ambacho wakubwa wa programu hawakisemi sana. Kiswahili cha kitabu si Kiswahili cha nyumbani kwetu Likasi. Mtoto anajua “batoto banaenda ku masomo”, kitabu kinamwambia “watoto wanakwenda shuleni”. Kwa hiyo mtoto wetu anakutana na lugha tatu, hakutani na mbili. Mwalimu mzuri anajua hivyo na hamcheki. Madamu yule wa kalasi ya 1, mtoto alipomjibu kwa Kiswahili cha barabarani, alisema “vizuri”, kisha akarudia jibu kwa lugha ya kitabu, na wote wakamfuata. Metre wa kalasi ya 3, kinyume, alimwambia mtoto kwamba anasema kama mtu wa mgodini. Kalasi nzima ilicheka na mtoto akakaa. Hatukuona tena mkono wake juu asubuhi ile.

Tupite mengine kwa haraka. Vyoo viko vinne, viwili vya wasichana, na mlango mmoja hauna komeo. Maji ya bomba yanakuja siku zingine, siku zingine watoto wanaleta vidumu. Mwende kuviona vyoo saa ya rekreasyo, si asubuhi vikiwa vimeoshwa, na mama mwenye msichana wa kalasi ya 5 au 6 aulize swali lake bila haya. Juu ya fimbo: nyuma ya mlango wa kalasi moja tuliona kipande cha mpira wa bomba. Direkta alisema ni cha kutishia. Tulimwambia kwamba vitisho hivyo tulivionja sisi wenyewe utotoni na tunajua vinavyoishia. Alikichukua mbele yetu, akakiweka ofisini kwake. Kama kimebaki huko, tutaona tukirudi.

Lililotushinda ni habari ya feza, na tunataka shirika zima liifikirie.

Direkta hakuomba franka hata moja kwa kuandikisha. Mzazi ananunua iniforme ya bluu na nyeupe, kaye, biki, basi. Hiyo ni sawa na sheria, na popote mnapoombwa “feza ya chaki”, “feza ya mlinzi” au “feza ya benchi”, ombeni karatasi yenye muhuri. Anayekataa kuandika risiti anajua sababu. Mkiona hakuna jibu, kuna komite ya wazazi, COPA, na juu yake kuna ofisi ya elimu ya serikali hapa mjini, ile su-divizioni. Nendeni wawili au watatu, mtu mmoja anazungushwa.

Lakini tulipokuwa tunatoka, mama mmoja wa komite ya wazazi alitusindikiza mpaka barabarani, akatuambia yule Madamu wa kalasi ya 1, yule wa kaye 71, ni N.U. Wasiojua, N.U. ni “nouvelle unité”: mwalimu aliyepokelewa kazini, anafundisha kila siku, lakini jina lake halijaingia katika mashine ya mshahara ya serikali. Yeye huu ni mwaka wa nne. Wazazi wengine wanampelekea unga kimyakimya, mwingine nusu gunia ya makala, na yeye anauza maandazi nyuma ya masomo. Kabla ya 2019 angekula juu ya prime kama wengine. Bure ilipoingia, prime iliondoka, na mshahara wake haujafika.

Tulirudi na habari hiyo kwenye mkutano, na mkutano ukagawanyika. Wamama wengine walisema: tuchange, kila mzazi franka kidogo, tusimpoteze mwalimu mzuri. Wengine, na hasa yule mama muuza sombe, walisema hapana. Alisema: “Leo mnasema kidogo na kwa mapenzi. Kesho direkta ataandika listi ya waliotoa na wasiotoa. Mtoto wangu atajua yuko kwenye listi gani.” Sisi walimu tulijikuta katikati. Tunajua njaa ya Madamu yule, tuliipitia. Tena tunajua kwamba prime ya zamani ilianza hivyohivyo, kama msaada wa muda, na ilikaa zaidi ya miaka 25. Mwishoni tulikubaliana kitu kidogo: shirika litampa nafasi katika likelemba yetu bila mchango wa kwanza, kama mwanachama, si kama mwalimu wa mtoto wa mtu. Na barua ya komite kwenda su-divizioni juu ya jina lake itaandikwa upya, safari hii na sahihi nyingi. Wamama watatu hawakukubali hata hiyo. Sauti zao tumeziandika katika kaye ya mkutano.

Mtatuuliza: sasa ni shule nzuri ao mbaya? Udogo wake una pande mbili. Kalasi moja kwa kila mwaka maana yake hakuna mahali pa kukimbilia. Mtoto akimwangukia Metre wa kalasi ya 3, atakuwa naye mwaka mzima, hakuna 3 B. Katika shule kubwa unaweza kuomba wambadilishe. Lakini hapa direkta anajua jina la kila mtoto na la mama yake. Tulimjaribu, tukamwonyesha watoto sita wanaocheza mbali, akakosa mmoja. Mtoto asipokuja siku mbili, mtu anatumwa nyumbani. Kwa familia ambayo mtoto wake anaweza kuteleza kuelekea mtoni bila kelele, jambo hilo ni kubwa kuliko ukuta uliopakwa rangi. Sisi tungewaandikisha watoto wetu kalasi ya 1 pale bila kuogopa, na kalasi ya 3 tungekuwa tunapita kila juma. Mwenye mtoto mwenye shida ya macho ao ya masikio aende kwanza kuongea na mwalimu, maana katika kalasi ya watoto 71 nafasi ya mbele inapatikana kwa kuiomba mapema.

Yule mama muuza sombe alikwenda mwenyewe siku mbili nyuma yetu, na watoto wawili. Mvulana ataingia kalasi ya 2. Jaribio la kitabu alilishindwa, na direkta alisema waziwazi kwamba miezi aliyofukuzwa inaonekana. Msichana ndiye aliyetushangaza. Alikuwa ameishia kalasi ya 3. Direkta alimfungulia kitabu katikati, akafunika picha. Akasoma. Polepole, na mikono iliyopasuka kwa maji ya mto, lakini akasoma ukurasa mzima, kisha akauliza kama anaweza kuendelea kuona itaishaje ile hadithi. Ataingia ya 4. Miaka 11 kwa kalasi ya 4 si jambo la kuona haya, wako wengine wawili wa umri huo. Kwa wasichana na wavulana waliopoteza miaka mingi kuliko yeye, mjue kuna vituo vya serikali vya kurekebisha masomo, CRS, chini ya Affaires sociales, ambako primeri ya miaka 6 inafanywa kwa miaka 3.

Mama yake bado ana wasiwasi juu ya kitu kimoja. Feza ya mawe, hata ikiwa kidogo, ilikuwa inanunua unga wa siku mbili kwa juma. Hilo nalo liko kwenye mkutano ujao.

Kwa wanaotaka kuandikisha: shule inafungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, nendeni sasa wakati kalasi zingali na watoto ndani, maana mwezi wa nane mtaona kuta tu. Mpeleke mtoto mwenyewe wa miaka 6, biletini kama alikuwa mahali pengine, na akti ya kuzaliwa. Direkta wa pale alituambia hamrudishi mtoto juu ya akti, lakini jina liandikwe namna moja tangu kalasi ya 1, kwa sababu kosa la herufi moja linakuja kusumbua siku ya ENAFEP. Wenye watoto wachanga, komini inaandikisha kuzaliwa ndani ya siku 90. Ukipitisha hapo unaanza njia ya tribinali, na njia ile ni ndefu.

Siku ya posho ijayo kila mama aje na kaye moja ya mtoto wake, yoyote, ya shule yoyote. Tutazifungua pamoja mezani, zilizo na wino mwekundu na zisizo nao. Likelemba tutaihesabu nyuma ya hapo.